Nafsi ya Kwanza: Ni Nani Anayesema "Mimi"?

Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama alituagiza kila mmoja achague somo moja la sarufi alifafanue. Wenzangu walikimbilia ngeli na methali. Mimi nikachagua nafsi, nikidhani ni somo rahisi la kidato cha kwanza, kumbe nilikuwa nikijitumbukiza kisimani.

Nafsi tunazijua sote: mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao. Hapo hakuna anayekosa alama. Lakini neno hilo hilo ndilo tunalotumia tukisema "nafsi yangu imechoka". Je, nafsi ya sarufi na nafsi iliyo ndani ya mtu ni kitu kimoja? Hebu nianze na kisa kilichonipata mwenyewe, halafu tuingie darasani.

1. Kupoteza fahamu

Siku hiyo tulikuwa na mazoezi ya riadha. Jua la Dagahaley halihitaji kuelezwa. Tangu alfajiri sikuwa nimekunywa maji, maana mitungi ya nyumbani ilikuwa mitupu na foleni ya bombani ilikuwa ndefu. Nilimaliza mbio za mita 1500 nikasimama wima, mikono kiunoni, kama bingwa. Masikio yakaanza kuvuma. Giza likaingia machoni kutoka pembeni. Halafu basi. Kuanguka kwenyewe sikukumbuki hata leo.

Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa kwenye zahanati, miguu imeinuliwa, wenzangu wawili wamesimama kando. Muuguzi akaniuliza maswali matatu.

"Unaitwa nani, mwanangu?" Nikataja jina langu.

"Leo ni siku gani?" Nikasema Jumatano. Ilikuwa Jumatano kweli.

"Na uko wapi sasa hivi?"

Nikajibu bila kusita, "Niko Minneapolis."

Wenzangu waliangua kicheko. Muuguzi hakucheka. Alingoja kidogo, akaniuliza tena polepole. Nikatazama mabati juu yangu, nikasikia punda wa mkokoteni akilia nje, ndipo nikasema, "Niko Dagahaley." Nilijibu kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekamatwa na uongo.

Baadaye alinieleza kwamba maswali hayo hayakuwa ya mchezo. Mtu akizinduka huulizwa yeye ni nani, yuko wapi na ni siku gani, ili ijulikane kama fahamu zimerudi zote au nusu. Kufungua macho peke yake hakutoshi. Alinieleza pia kwa nini nilianguka. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, yaani asilimia 2 hivi ya mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yetu. Ukisimama ghafla baada ya mbio, damu nyingi hubaki miguuni, na ikiwa mwili hauna maji ya kutosha, ubongo hupungukiwa na damu. Kwa sekunde chache tu "mimi" hutoweka. Ukilazwa, damu hurudi kichwani na "mimi" hurudi nayo. Kwa hivyo wanariadha, msisimame ghafla baada ya kukimbia. Tembeeni kwanza.

2. Kiambishi -ji-

Sasa tuangalie lugha. Kufahamu ni kujua kitu. Kujifahamu ni kujua kwamba wewe ndiwe unayejua. Tofauti yote imebebwa na silabi moja, -ji-. Silabi hiyo humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. Mbuzi anafahamu njia ya kurudi zizini, lakini hatujamsikia akijiuliza, "Hivi mimi mbuzi naelekea wapi?"

Hata hivyo -ji- ina mitego yake. Kujijua ni sifa nzuri, lakini kujiona ni majivuno. Wazee waliounda lugha hii walijua kwamba mtu anaweza kujitazama mchana kutwa na asijijue hata kidogo. Ndiyo maana wakasema nyani haoni kundule.

Sisi tunaozungumza Kisomali nyumbani tuna neno naf, ambalo ni ndugu ya nafsi, na tuna is, inayofanya kazi kama -ji-. Tunasalimiana "Iska warran?", yaani toa habari za nafsi yako. Kila asubuhi tunaulizana swali la kifalsafa tukiwa tumebeba mitungi, nasi tunajibu "nabad" na kwenda zetu.

3. Wanazuoni na kioo

Ibn Sina, mwanafalsafa na tabibu Mwislamu aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki mwaka 1037, aliandika juu ya nafsi na kutoa mfano huu. Mfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mkamilifu, anaelea hewani, macho yamefunikwa, hasikii chochote, na viungo vyake havigusani. Je, atajua kwamba yupo? Ibn Sina alisema atajua, ijapokuwa hana habari ya mikono wala miguu yake.

Nimeupenda mfano huo, lakini Kiswahili kina neno la kuongeza. Kwa lugha yetu mtu huyo atasema nini? Atasema "nipo". Na hiyo -po ni ya mahali! Tuna nipo, niko na nimo. Zote tatu zinakutaka uwe mahali fulani. Hata anayeelea hewani, Kiswahili kinamtafutia pa kukaa. Ndiyo sababu swali la tatu la muuguzi lina uzito kama lile la kwanza.

Wengine wamelichunguza jambo hili kwa kioo. Mwaka 1970 Mmarekani Gordon Gallup aliwatia sokwe alama usoni wakiwa wamelala usingizi wa dawa, kisha akawaonyesha kioo. Sokwe waliigusa ile alama kwenye nyuso zao wenyewe. Kima hawakufanya hivyo. (Wahenga hawakuwa mbali na ukweli juu ya nyani!) Watoto wa Ulaya na Marekani wengi hufaulu jaribio hilo wakiwa na umri wa miezi 18 hadi 24. Lakini watafiti waliojaribu watoto wa hapa Kenya walipata jambo la ajabu na kulichapisha mwaka 2011: kati ya watoto 82, waliogusa alama walikuwa wawili tu, ingawa baadhi yao walikuwa na miaka mitano na zaidi. Wengi waliganda tu wakitazama. Je, watoto wa Kenya hawana nafsi? Hasha! Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Waliona kwamba mtoto anaweza kujijua vizuri sana na asijue mtu mzima aliye mbele yake anamtaka afanye nini.

Nami nikajaribu nyumbani. Nilimpaka mdogo wangu wa miaka miwili jivu kwenye paji la uso, nikampa kioo. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akatazama kioo tena, akaningoja. Hakuligusa jivu mpaka mama alipocheka. Mwalimu wetu aliposikia alitukumbusha mafunzo ya John Mbiti, msomi Mkenya aliyefariki mwaka 2019, kwamba Mwafrika hujijua kupitia kwa watu wake. Mdogo wangu hakuwa anatafuta uso wake kwenye kioo peke yake. Alikuwa anautafuta kwetu pia.

4. Kwa nini nilisema Minneapolis?

Sasa narudi kwenye aibu yangu. Sijawahi kufika Minneapolis. Nimezaliwa hapa hapa. Shangazi ndiye anayeishi huko, na picha zake za theluji nazijua kuliko ninavyoijua Garissa mjini.

Msomaji wa hapa ameshajua jina la hali hiyo. Ni buufis. Neno hilo linatokana na kupuliza au kujaza hewa, kama mtu anavyopuliza puto. Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, Dagahaley na Hagadera mwaka 1992, na tangu hapo wapo watu ambao miili yao imekaa hapa na nafsi zao zimehamia ng'ambo. Mtafiti Cindy Horst aliyeishi nasi Dadaab alilieleza neno hili katika kitabu chake cha mwaka 2006. Alionyesha kwamba buufis ni ile hamu ya kwenda, na pia ni maradhi ya akili yanayompata mtu tumaini linapovunjika. Na limevunjika mara nyingi. Januari 2017 Marekani ilizuia kwa muda watu wa nchi saba, Somalia ikiwemo, ikasimamisha na kupokea wakimbizi. Januari 2025 ikasimamisha tena kuwapokea wakimbizi.

Kaka yangu aliacha shule akiwa kidato cha pili. Alisema hakuna haja ya mtihani wa Kenya kwa mtu ambaye faili lake liko njiani. Faili bado liko njiani. Tangu nianze kuandika makala haya nimekuwa nikimsikiliza kwa sikio la sarufi, na nimegundua kwamba hutumia -nge- karibu peke yake. Ningekuwa huko ningefanya kazi. Tungekuwa na nyumba. Ungesoma vizuri. Nilipomsimulia jibu nililompa muuguzi, alicheka sana, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Hata mimi ningejibu hivyo hivyo."

Hapo niliogopa. Mimi nilikuwa nimezirai. Yeye alikuwa macho.

Siku hizi jioni namwuliza yale maswali matatu kwa utani. Jina anataja. Siku anaitaja, ingawa wakati mwingine anakosea. Akifika kwenye la tatu husema "waan iska joogaa", yaani nipo tu. Wiki iliyopita alinijibu, "Niko hapa na wewe, na unanisumbua." Nilifurahi kuliko ningepewa zawadi. Sijui kama atarudi shuleni. Lakini alinishika daftari akauliza hesabu za kidato cha tatu zinafananaje.

5. Hitimisho

Sisemi kwamba kutamani kwenda ni kosa. Hata mimi nikiitwa leo nitakwenda. Ninachosema ni kile ambacho kitenzi cha Kiswahili kinasema chenyewe. Tazama: ni-na-soma, ni-ta-kwenda, ni-nge-pata. Kiambishi cha nafsi kinatangulia, cha wakati kinafuata. Huwezi kuanza na -ta- wala -nge-. Lazima kwanza awepo "ni", aliye mahali fulani, ndipo kesho ipate mtu wa kuishikilia. Swali langu la mwanzo nalijibu hivi: ndiyo, nafsi ya sarufi na nafsi ya ndani ni ndugu, na ya kwanza inaweza kutukumbusha pale ya pili inapopotea.

Zoezi

(a) Taja vitenzi vitano vyenye -ji- ya kujirejelea. Ni vipi vinasifu na ni vipi vinalaumu?
(b) Eleza tofauti kati ya nipo, niko na nimo.
(c) Sikiliza mazungumzo ya nyumbani kwa siku moja. Ni kiambishi gani cha wakati kinachotumiwa zaidi, na ni nani anayekitumia?
(d) Jiulize leo usiku kabla ya kulala: mimi ni nani, leo ni siku gani, niko wapi? Jibu la tatu usiliandike. Lijibu tu kwa ukweli.

Nawatakia kila la heri katika mitihani. Tuonane mwakani, Inshallah.