Tambi za Pakiti: Soma Kwanza, Ndipo Upike

Siku hizi tambi za pakiti zimefika hata kwenye maduka madogo ya vijijini. Wengi huziita Indomie, ingawa hilo ni jina la aina moja tu.

Tambi hizi ni nini? Ni unga wa ngano uliokandwa, ukakatwa nyuzi nyuzi, ukapikwa kwa mvuke, kisha ukakaangwa katika mafuta mpaka ukauke. Ndiyo maana huiva kwa dakika 3: zilikwisha pikwa kiwandani. Ujuzi huu ulianzishwa na Momofuku Ando, huko Japani, mwaka 1958.

Ndani ya pakiti mna kifuko kidogo cha viungo. Humo ndimo chumvi ilimo nyingi. Geuza pakiti, utafute neno "Sodium", yaani sodiamu. Kila miligramu 400 za sodiamu ni sawa na gramu 1 ya chumvi. Ukiona 800 mg, basi hapo pana gramu 2. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai. Mtoto apate pungufu ya hapo. Soma na tarehe ya mwisho wa kutumia. Ikiwa imepita, mrudishie mwenye duka, usione haya.

Tambi tupu hushibisha, lakini hazimtoshi mtoto anayekua. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Iringa, katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, 57 walikuwa wamedumaa. Nchi nzima walikuwa 30. Na sisi ndio wakulima wa mahindi, maharage na viazi! Chakula kipo, ila mtoto anapewa cha aina moja kila siku.

Basi pika hivi. Kaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili kwa mafuta kidogo. Mtu wa Ilula atakosaje nyanya? Tia vikombe viwili vya maji. Yakichemka, tia tambi pamoja na mchicha uliokatwa. Pasua yai, koroga mpaka liive kabisa. Viungo tia nusu ya kifuko, na chumvi nyingine usiongeze. Huna yai? Maharage yaliyoiva yanafaa.

Zoezi: Pakiti moja imeandikwa sodiamu 1,200 mg. Ina gramu ngapi za chumvi?