Mafunzo Sita Kutoka Kwenye Vizimba vya Ngege

Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, vizimba vya samaki sasa vimeenea katika kaunti zote tano za ufuo: Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Kikundi chetu kinafuga ngege (tilapia) karibu na Kisumu, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Tafuta maji kabla ya nyavu.
Wengi hupenda kuweka vizimba karibu na nchi kavu kwa ajili ya ulinzi. Lakini Ghuba ya Winam, tulipo sisi, ina kina kifupi. Wavu ukikaribia tope, kinyesi na mabaki ya chakula hulundikana chini yake, na yanapooza humaliza oksijeni. Teremsha kwanza kamba yenye jiwe, upime.

2. Kagua alfajiri.
Usiku mwani hutumia oksijeni bila kuizalisha, kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza ndipo hupungua zaidi. Samaki wanaotaabika hupanda juu, midomo ikifunguka na kufumba kwenye uso wa maji. Hapo usiwalishe, maana kumeng'enya chakula huwaongezea haja ya oksijeni.

3. Ziwa hugeuka.
Mwishoni mwa 2022 samaki walikufa kwa wingi vizimbani Kisumu. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walieleza kuwa maji ya chini, yenye oksijeni kidogo, yalipanda juu. Ngege aliye huru huyakimbia maji kama hayo; wa kizimbani hana njia. Tangu hapo naamini katika kupandikiza vifaranga wachache kwa kizimba, kwa awamu, ili wote wasiwe kwenye hatari siku moja. Waliofikia saizi ya sahani tunavua mapema, hali ya hewa ikianza kubadilika.

4. Chakula ndicho hula faida.
Gharama kubwa kuliko zote ni hiyo. Tunatumia punje zinazoelea, tunarusha kidogokidogo na kutazama. Wakichelewa kuzifuata, mkono unaacha. Kila baada ya majuma kadhaa tunapima uzito wa wachache na kurekebisha kipimo.

5. Uza kabla ya kuvua.
Samaki aliyetolewa majini hangoji mteja, na samaki waliogandishwa kutoka China wako sokoni kwa bei yao. Zungumza na akina mama wachuuzi mapema: saizi gani, kilo ngapi, siku gani. Barafu iwe tayari ufuoni.

6. Majirani ni sehemu ya mtaji.
Gugumaji likisukumwa na upepo hulemea vizimba na kuvuta kamba za nanga. Wavuvi walio ziwani usiku ndio huliona kwanza na kutupigia simu. Nao wanataka njia ya boti zao ibaki wazi. Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi, humwambia aende kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo wake, kabla hajaenda kwa fundi wa vyuma vya vizimba.