Kusoma Peke Yako

Katika miaka ya 1970, Uri Treisman, aliyekuwa akifundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliona ya kuwa wanafunzi wengi weusi wa mwaka wa kwanza walianguka katika kalkulasi. Si uvivu: karibu kila mmoja alijifungia na kitabu chake. Wenzao wa asili ya Kichina walisoma pamoja, wakikosoana. Basi mwaka 1978 akaanzisha makundi, akawapa maswali magumu, wala si mepesi (hili lilinishangaza). Wengi wakafaulu vizuri.

Hapa bwenini saa za kujisomea usiku ni za kimya. Mwakani baadhi yetu tutakuwa vyuoni. Twaomba walimu watupatie darasa moja, mara mbili kwa juma, tubishane hesabu kwa sauti.