Maumivu ya Kiwiko na Kisigino: Usikimbilie Sindano

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya maumivu ambayo watu wengi wa Shinyanga na Geita huyavumilia kwa miezi kabla ya kufika hospitali. Ni maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, ya bega, ya chini ya goti au ya kisigino. Mwenye nayo akiulizwa hujibu kuwa "mshipa umekaza". Wengine husema wamekanyaga kitu walichotegewa njiani. Tunawaelewa, kwa maana jambo lenyewe linashangaza: hakuna jeraha, mara nyingi hakuna uvimbe, picha ya eksirei huonyesha mifupa mizima, lakini mtu anashindwa kuinua birika la chai.

Panauma wapi hasa?

Mwisho wa msuli kuna kano, yaani kamba nyeupe na ngumu inayouunganisha na mfupa. Kila anayekata nyama ya ng'ombe analijua. Ni lile lisilotafunika. Ipo pia kamba nyingine iitwayo ligamenti, ambayo hufunga mfupa mmoja na mwenzake. Kamba hizi huingia mfupani kama mizizi ya mti inavyoingia ardhini. Hapo ndipo nguvu zote za kuvuta hukusanyika, na hapo hapo damu hufika kidogo. Kwa hiyo msuli uliochoka hupona kwa siku chache, lakini mahali hapa huhitaji majuma mengi, hata miezi. Mtu akipavuta kila siku bila kupumzika, nyuzi huchakaa upesi kuliko mwili unavyoweza kuzitengeneza.

Sasa tazama kazi zetu. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo hushika nyundo na tindo shimoni tangu asubuhi. Juu ya shimo, akina mama huketi wakiponda mawe yenye dhahabu. Makano yanayoinua kiganja huanzia kwenye nundu ya nje ya kiwiko, na kila pigo la nyundo huyatikisa. Wenzetu wa Ulaya huyaita maumivu haya kiwiko cha tenisi. Kwetu ingefaa yaitwe kiwiko cha nyundo. Wabeba viroba huumia bega. Anayesimama kutwa nzima kwa mabuti ya mpira au katambuga huumia kisigino, na dalili yake ni rahisi kuitambua: hatua ya kwanza asubuhi huchoma kama msumari, kisha akitembea kidogo hupata nafuu. Wavulana wa miaka 10 hadi 15 wanaocheza sana mpira huota nundu yenye maumivu chini ya goti. Wazazi huogopa, lakini hiyo hutulia mifupa ikimaliza kukua.

Sindano ya duka la dawa

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Kwenye machimbo siku bila kazi ni siku bila chakula, hivyo mtu hutafuta kinachomrudisha shimoni kesho yake. Hununua diklofenaki, au vidonge vya deksamethasoni na prednisoloni, au huchomwa sindano ya jamii hiyo hiyo pale panapouma. Siku chache baadaye anatamba kwamba amepona.

Hajapona. Maumivu yamenyamazishwa na yeye anaendelea kuuvuta uzi uliochakaa. Katika mji wa Brisbane, Australia, wataalamu waliwafuatilia wagonjwa 198 wa kiwiko na kutoa matokeo mwaka 2006. Waliochomwa sindano hiyo walikuwa na hali nzuri kuliko wote baada ya majuma 6. Lakini maumivu yaliwarudia takriban 7 kati ya kila 10 waliokuwa wamepata nafuu, na mwaka ulipotimia walizidiwa hata na wale walioambiwa wasubiri tu. Zaidi ya hayo, sindano ya namna hiyo ikichomwa ndani ya kano la kisigino inaweza kulifanya likatike. Diklofenaki nayo, ikinywewa siku nyingi na mtu mwenye njaa anayetoka jasho shimoni, huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Iko dawa nyingine isiyoshukiwa kabisa: siprofloksasini, inayonunuliwa kiholela kwa kuhara na kisonono. Tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imeitaka iwe na onyo kali kwamba inaweza kuharibu makano, hasa kwa wenye zaidi ya miaka 60 na wanaotumia prednisoloni. Chale nazo tuziache. Tumeona pepopunda ikianzia kwenye wembe.

Tufanye nini basi?

Hatusemi mtu alale kitandani, maana kano lisilofanya kazi kabisa hudhoofika. Punguza kazi inayouma: badilishana na mwenzako, mmoja agonge, mwingine avute kamba. Funga kitambaa kwenye mpini wa nyundo uwe mnene.

Kwa kiwiko, keti, laza mkono juu ya paja, kiganja kikitazama chini, ushike chupa ya maji ya nusu lita. Inua kiganja kwa msaada wa mkono mwingine, kisha kishushe polepole peke yake. Fanya mara 15, pumzika, rudia hadi mizunguko 3. Kwa kano la kisigino, simama kwenye sakafu bapa, panda kwa vidole vya miguu yote miwili, kisha shuka polepole. Unayo wa chini ya kisigino ukiuma, vuta vidole vya mguu kwa mkono kabla ya kutoka kitandani. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Yakizidi kesho yake, punguza. Endelea kwa majuma 12. Wengi huacha juma la pili, na hao ndio tunaowaona tena.

Usikae nyumbani ikiwa ulisikia mlio nyuma ya kisigino na huwezi kusimama kwa vidole, au kiungo kimevimba na una homa. Mtoto mwenye maumivu ya mifupa apimwe selimundu, ambayo ni nyingi Kanda ya Ziwa. Kijana mwenye maumivu ya kisigino pamoja na macho mekundu, usaha njia ya mkojo, au mgongo unaokakamaa asubuhi na kulegea akitembea, huyo si wa nyundo tu. Mwili wake unashambulia makano kutokea ndani, mara nyingine baada ya ugonjwa wa zinaa kama klamidia au baada ya kuhara. Madaktari wa Lusaka, Zambia, walionyesha miaka ya 1990 kwamba hali hii huandamana mara nyingi na VVU. Apimwe.

Na kwa wanaokunywa maji ya visima vyenye floraidi nyingi, ambavyo vipo Shinyanga: baada ya miaka mingi ligamenti zenyewe hugeuka mfupa na mgongo hukauka. Meno ya kahawia ya watoto ndiyo dalili ya kwanza. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji ya mvua au ya bomba kutoka Ziwa Victoria ni bora.

Ukija kutuona, njoo na pakiti za dawa zote ulizotumia, hata zile ulizopewa kwenye karatasi bila jina.