SOMO: Mfuko wa Ada: Nani Analipa, Nani Anachagua?



Serikali ilifuta ada katika shule zake hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2022 ikafuta ya kidato cha tano na sita. Shule za kanisa bado hutoza ada. Mkulima wa mboga wa Mgeta akitaka mtoto wake asome katika shule ya bweni ya kanisa Morogoro mjini, hana budi kulipa. Ndiyo maana parokia au usharika huweza kufikiria kuanzisha mfuko wa kuwalipia watoto.

Kabla ya kuomba michango, tujifunze habari ya kodi.

Nchini Marekani, jimbo la Arizona lilipitisha mwaka 1997 sheria ya kumpunguzia kodi mtu anayechangia mfuko wa namna hii. Aliyetoa dola 500 alipunguziwa kodi dola 500. Kwa hiyo aliyelipa hasa ni hazina ya jimbo.

Kwetu, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huondoa mchango kwenye mapato ya biashara, si kwenye kodi. Mchango kwa shirika lililotambuliwa na TRA kuwa la hisani huondolewa usipozidi asilimia 2 ya mapato hayo. Tuseme kampuni imepata faida ya shilingi 10,000,000 na kuchangia 200,000. Itatozwa kodi ya asilimia 30 kwa 9,800,000. Kodi imepungua shilingi 60,000. Zile 140,000 zimetoka mfukoni mwake.

Tunajifunza nini? Shilingi 60,000 zile zingeingia Serikalini, zikasaidia pia shule ya kata. Ni fedha ya wote, hata wasiosali nasi. Kwa hiyo mfuko uwe na taratibu:

1. Mtoaji asichague mtoto. Hata Arizona, sheria inakataza mtu kuchangia kwa kumtaja mtoto wake mwenyewe.

2. Vigezo vya uhitaji viandikwe kabla ya maombi. Sheria ile ya 1997 haikuweka kikomo cha kipato, hivyo hata mwenye uwezo aliweza kusaidiwa. Yatima wa kijijini asishindwe na mtoto wa mjumbe wa kamati.

3. Hesabuni gharama zote: ada, sare, godoro, nauli, tena kwa miaka minne. Msimchukue mtoto wa kidato cha kwanza kama fedha ya kidato cha pili haijulikani itakakotoka. Heri watoto watatu wamalize kuliko kumi warudishwe nyumbani.

4. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya waumini kila mwaka.

Maswali ya kujadili (someni kwanza Yakobo 2:1–9):

a) Katika kijiji chetu, ni mtoto gani ambaye hakuna wa kumsemea?

b) Je, kamati yetu ingemwona?