Likizo ya Desemba Nyumbani: Vidokezo Kumi kwa Wenye Watoto Wadogo

Shule zimefungwa, kaskazi imeanza kuvuma, na embe dodo na boribo zimejaa sokoni. Kwa sisi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, Desemba ndiyo kiangazi chenyewe. Joto la mchana linafika nyuzi 31 au 32, hewa ni nzito, na ndani ya nyumba kuna watoto wa miaka mitatu, mitano na saba wanaouliza tangu asubuhi, "Mama, tufanye nini?"

Si kila familia inapanda basi kwenda kwa bibi kijijini, na si kila mzazi ana nauli ya kuwapeleka wanawe ufukweni kila wiki. Hilo lisikunyime usingizi. Mtoto wa umri huo anahitaji mtu mzima wa kumwanzishia mchezo, kisha mtu huyohuyo ajiondoe. Hapo pa kujiondoa ndipo wengi wetu tunaposhindwa: tunaanzisha, tunasahihisha, tunaharakisha, mwishowe mchezo unakuwa wetu. Shika hilo moja, na haya yanayofuata yatakuwa mepesi.

1. Ratiba ifuate jua, si saa ya shule

Michezo ya kukimbia iwe kabla ya saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Huo ndio wakati wa kombolela, wa kuruka kamba, na wa rede kwa mpira wa soksi kuukuu, aliye katikati akikwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Saa za katikati ni za kivulini: barazani, chini ya mwembe, au sakafuni penye saruji ya baridi. Weka jagi la maji na vikombe mahali ambapo hata wa miaka mitatu anafika mwenyewe. Mtoto aliyenogewa na mchezo hakumbuki kiu, kwa hiyo kila raundi ikiisha, wote wapite kwenye jagi.

2. Beseni moja la maji, mchana mzima umekwisha

Hapa sina haja ya kukushawishi, watoto wenyewe watakushawishi. Weka beseni kivulini, wape vikombe, chujio la chai, kata, na chupa uliyoitoboa matundu chini. Wakishazoea kumimina, leteni vitu vya kujaribu: jiwe, kifuniko cha soda, kifuu, kijiko, ndimu. Kipi kinazama, kipi kinaelea? Kila mmoja aseme kwanza anavyodhani, ndipo mtumbukize. Wape chungwa lenye ganda, waone likielea. Kisha limenye, mlitumbukize tena: linazama. Ganda lina vijishimo vingi vya hewa vinavyolibeba, lakini usiwahi kuwaambia. Waache wabishane kwanza, wapasue ganda na kulichungulia.

Ila hili ulitie maanani kuliko yote niliyoandika hapa: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji kidogo sana, hata ya ndoo. Kaa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, simu iwe mbali. Mkimaliza, beseni limwagwe na lifunikwe chini juu. Maji yasipotee, yatamwagilia bustani ya kidokezo kinachofuata.

3. Pandeni mchicha

Likizo ya mwezi mmoja inatosha kabisa. Mbegu za mchicha huota ndani ya siku chache, na baada ya wiki tatu hadi nne mnaweza kuanza kuchuma. Ndoo iliyopasuka inafaa, ili mradi ina matundu chini ya kutoa maji. Mbegu ni ndogo mno kwa vidole vya mtoto, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kiganjani, halafu anyunyize mchanganyiko huo. Hazitarundikana mahali pamoja.

Asiye na subira ya mchicha mpe kunde. Weka pamba iliyolowa ndani ya glasi, bana kunde tatu kati ya pamba na kioo, weka dirishani. Ndani ya siku chache ataona mzizi ukitangulia kutoka na kuelekea chini, hata ukiigeuza kunde kichwa chini miguu juu. Siku mtakayopika mchicha wenu, hata kama ni wa kujaza sahani moja, mtoto aliyekuwa akiukataa ataula.

4. Fukuzeni kivuli

Simamisha kijiti uani mahali pasipo na mti wala ukuta. Kila baada ya muda, mtoto aweke jiwe penye ncha ya kivuli. Mpaka jioni mtakuwa na mstari wa mawe unaoonyesha jua lilivyosafiri. Kivuli kifupi kuliko vyote kwa Dar es Salaam hakiji saa sita kamili, bali saa sita na robo hivi, au ikizidi kidogo. Mtazame pia kimelala upande gani: mwezi huu jua la mchana limepita kusini mwetu, kwa hiyo kivuli kinaelekea kaskazini. Mwezi Juni kitageuka na kuelekea kusini. Weka alama hapo uani leo, muilinganishe likizo ijayo. Kwa mtoto wa miaka saba, kugundua mwenyewe kwamba jua huhama kwa miezi ni jambo kubwa, na hakuna kitabu kitakachompa furaha hiyo.

5. Feni ya jani la mnazi

Kaskazi haikosi kuvuma, basi itumieni. Tafuteni kuti bichi, mchane vipande vya jani na kutoa chelewa yake. Vipande viwili vikunjwe na kupitishwa kimoja ndani ya kingine vishikane, mabawa yatokeze pande zote, kisha katikati pachomwe njiti ya chelewa. Mtoto anashika njiti mkononi na kukimbia kuelekea upepo. Ikigoma kuzunguka, tundu limebana, lipanueni kidogo. Fundi wa kazi hii mara nyingi ni babu au jirani aliyekulia kwenye minazi. Mwombeni awaonyeshe, na mtashangaa ataendelea na saa ya mkononi, miwani na tarumbeta. Kuchoma njiti ni kazi ya mkubwa, na ncha ikatwe isije ikamfikia mtu jichoni.

6. Maabara ya jikoni

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Loweka rozela kavu, wengine wanaiita choya, kwenye maji ya moto mpaka yawe mekundu, kisha yapoe. Gawa kwenye glasi tatu. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili mtoto akamulie ndimu: wekundu unang'aa zaidi. Ya tatu atie maji yaliyoyeyushwa magadi, tone baada ya tone: rangi inahama kuelekea zambarau, na magadi yakizidi inakuwa kijani iliyofifia. Sasa koroga manjano kwenye maji kidogo, paka kwenye karatasi nyeupe, iache ikauke, halafu mtoto achore juu yake kwa kidole kilicholowa maji ya magadi. Mchoro unatokea wenye rangi nyekundu ya kahawia. Ndimu ni asidi na magadi ni kinyume chake, na rangi za mimea hii hubadilika kulingana na kilichowekwa. Mtoto wa miaka mitano hahitaji neno asidi. Anahitaji glasi ya nne ya kujaribu anachotaka yeye. Kilichotiwa magadi kisinywewe, na mikono ioshwe.

7. Duka la maboksi

Maboksi matupu, makopo, vifuniko vya chupa kuwa shilingi. Mmoja anauza, wengine wananunua, na lazima chenji irudi. Hesabu zote za darasa la kwanza zimo humo.

8. Kazi za nyumbani zihesabiwe kuwa mchezo

Mtoto wa miaka mitatu anaona kuchambua mchele ni heshima. Mwache achambue kikombe kimoja, akae nacho nusu saa. Wa miaka mitano anaweza kuponda ndizi, kuosha mboga na kusukuma donge lake la chapati, hata likitoka na umbo la ramani. Kisu, jiko na mbuzi ya kukunia nazi vibaki kwa wakubwa. Na ukitaka donge la kufinyangia, usiharibu unga: chota udongo wa kichuguu, upondeponde, uchekeche, ukande na maji. Vyungu vidogo na ng'ombe wao vianikwe kivulini kwanza, maana vikikutana na jua kali vikiwa vibichi hupasuka.

Angalizo kwa wenye watoto chini ya miaka mitatu: kunde, mbegu za ubuyu na karanga nzima zisiachwe ovyo sakafuni. Zinapalia.

9. Vuneni chumvi

Aliyekwenda pwani arudi na chupa ya maji ya bahari. Yachujeni kwa kitambaa safi, mimina kikombe kimoja kwenye sahani pana au sinia, anika juani siku kadhaa, na usiku ingizeni ndani. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, kwa hiyo kikombe chenu kitaacha kama kijiko kidogo kimoja na nusu cha punje zinazometameta. Ndivyo mashamba ya chumvi ya huku kwetu pwani yanavyofanya kazi, kwa jua na upepo. Mlio mbali na bahari yeyusheni chumvi ya dukani kwenye maji ya moto, matokeo ni yaleyale. Chumvi hii ni ya kutazama kwa kioo cha kukuzia, si ya mboga.

10. Simu iwe na mpaka, na anayebaki na watoto aandaliwe

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Wengi wetu tunajua hilo, ila tunatoka kwenda kazini alfajiri na kuwaachia watoto bibi au dada, bila chochote zaidi ya rimoti. Halafu jioni tunalalamika kwamba wameshinda kwenye katuni.

Usiku kabla ya kulala, andaa kitu kimoja tu cha kesho: beseni na vitu vya kuzamisha, au udongo uliochekechwa, au maboksi. Mweleze dada kinachochezwa na kilichokatazwa, hasa mambo ya maji na moto, na kama kesho ni zamu ya maji lakini pia ana chakula cha kupika na nguo za kufua, ahirisha maji mpaka utakapokuwepo. Umeme ukikatika jioni, mkeka utandikwe nje, yeye pia akae. Saa tatu usiku kilimia kimepanda upande wa kaskazini, kifungu cha nyota kilichosongamana, na macho ya watoto huhesabu nyingi kuliko yetu. Vitendawili vianze hapo, kila mmoja atunge chake. Na kama dada ana mchezo au hadithi aliyojifunza kwao Singida au Iringa, mpe yeye nafasi ya kwanza.