Spidomita Isiyosema Kweli

Wapenda motokaa za zamani wajua kwamba hata injini ikitengenezwa vizuri na bodi ikapakwa rangi mpya, mara nyingi hubaki kitu kimoja mbele ya dereva kinachodanganya, nacho ni spidomita. Mshale umesimama kwenye 80, kumbe motokaa yaenda 90. Katika mteremko wa kutoka Bugarama kuja Bujumbura, ambako barabara hushuka zaidi ya meta 1,000, na waendesha baiskeli hushuka nayo wakiwa na mikungu ya ndizi nyuma yao, kosa hilo si dogo.

Basi tuone jinsi ya kuitengeneza. Lakini kabla ya kushika bisibisi yatupasa kujua uongo watoka wapi, maana ndani ya chombo hiki kimoja mna kazi mbili zisizofanana.

Spidomita ya zamani haina kompyuta. Kutoka kwenye giaboksi huja waya uliosokotwa, unaozunguka ndani ya ala yake mpaka nyuma ya spidomita, na huko huzungusha sumaku. Sumaku hiyo imefunikwa na kikombe chepesi cha aluminiamu, wala haikigusi. Mwanafunzi wa fizikia atauliza mara moja: aluminiamu haivutwi na sumaku, basi kikombe hugeukaje? Jibu ni kwamba sumaku inapozunguka huzusha mikondo ya umeme ndani ya kikombe, na mikondo hiyo huleta nguvu ya sumaku yake yenyewe, hata kikombe kikakokotwa kufuata. Kamani nyembamba kama ya saa ya mkononi hukizuia kisizunguke kabisa. Mwendo ukizidi, kikombe huishinda kamani kidogo zaidi, na mshale hupanda. Ubunifu huu ulipewa hati mwaka 1902, kwa jina la Mjerumani Otto Schulze, na ulitumika katika mamilioni ya motokaa.

Kazi ya pili ni kuhesabu kilometa. Waya uleule huzungusha vigurudumu vya meno vinavyosogeza tarakimu. Hapa hapana sumaku wala kamani. Sumaku yaweza kudhoofika kwa miaka, lakini meno hayabadili idadi yake.

Ufunguo wa somo zima uko hapo. Chukua barabara namba 5 iendayo Cibitoke, kwa kuwa bonde la Ruzizi ni tambarare, na uwe na simu inayopima mwendo kwa satelaiti. Simu isomwe na mwenzako, si na wewe uliyeshika usukani! Pimeni kwanza umbali: satelaiti ikisema kilometa 10, je, tarakimu za motokaa zasemaje? Kisha shika mwendo usiobadilika, mshale ukiwa kwenye 40, halafu kwenye 80, na mwenzako aandike mwendo wa kweli.

Ikiwa tarakimu na mshale vyote vimekosea kwa kiasi kimoja, usiifungue spidomita. Nayo ni nzima. Yahesabu kwa uaminifu mizunguko inayoletewa. Kosa liko chini, kwenye matairi au meno ya giaboksi.

Tuchukue Datsun 240Z, motokaa ya michezo iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973. Tuseme tairi yake ya kwanza ilisafiri meta 2.00 kwa mzunguko mmoja, na mwenyewe amefunga tairi pana na fupi zaidi, ya meta 1.85. (Upime kwa chaki: tia alama kwenye tairi na chini, sukuma motokaa mzunguko mmoja, tia alama tena.) Gawanya 1.85 kwa 2.00, upate 0.925. Basi mshale ukisema 100, mwendo wa kweli ni 92.5.

Dawa yake ni kubadili kigurudumu kidogo cha meno kinachozungusha waya, pale ubavuni mwa giaboksi. Kikiwa na meno 17, tungetaka 17 gawanya kwa 0.925, yaani 18.4. Meno 18.4 hayapo duniani. Je, tuchague 18 au 19? Kwa meno 18, mwendo wa kweli wa 92.5 utaonyeshwa kama 94.4, kwa meno 19 utaonyeshwa kama 89.5. Mimi nachagua 18 bila kusita. Hata Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu spidomita za motokaa mpya, yakataza mshale usionyeshe chini ya mwendo wa kweli, ila yaruhusu uzidishe kidogo.

Sasa, ikiwa tarakimu ni sahihi na mshale ndio unaokosea, ugonjwa umo ndani. Tazama vipimo vyako viwili. Kama mshale umepungua 5 kwenye mwendo mdogo na 5 vilevile kwenye mwendo mkubwa, huenda mtu aliung'oa akaurudisha vibaya. Fundi mwenye mkono mtulivu, na Buyenzi hawakosekani, aweza kuurekebisha. Lakini kama upungufu wa 5 umekuwa 10 mwendo ulipoongezeka mara mbili, sumaku imedhoofika. Hapo kusogeza mshale ni kujidanganya: utapata ukweli kwenye mwendo mmoja tu. Sumaku itiwe nguvu upya na fundi wa saa hizi, au chombo kibadilishwe.

Mshale ukitikisika huku na huku, shuku waya: umekauka au ala yake imepindwa mno. Uchomoe, uusafishe, upake grisi kidogo sana, na sehemu ya mwisho iliyo karibu na spidomita uiache kavu. Grisi ikipanda ikaingia kati ya sumaku na kikombe, huvinatisha pamoja, na mshale hupanda juu hata motokaa ikienda polepole sokoni.